Nimepunguza maji nusu: mahindi yenye fiwi yameporomoka, fiwi yenyewe imenawiri. Naomba ufafanuzi

#1 Mkulima wa Uyui (28 Oktoba)

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linaninyima usingizi tangu nivune wiki iliyopita.

Niko Uyui, Tabora, shamba liko bondeni, nina kisima kifupi na mashine ya maji ya inchi 2. Udongo ni luseni, ule mchanga mweupe ambao ukiufinya unakumwagikia katikati ya vidole. Mwishoni mwa Juni nilipima vipande sita, kila kimoja mita 10 kwa 10. Vitatu nikapanda mahindi matupu, vitatu mahindi na fiwi (jamii ya kunde ya kufunika ardhi) katikati ya mistari. Vyote siku moja, mbegu moja, samadi na mbolea kipimo kilekile. Maji nikayagawa kwa tangi la lita 1,000 lililo juu ya kichanja: kiwango cha kwanza matangi 4 kwa wiki, cha pili matangi 2, cha tatu tangi 1. Nimemwagilia wiki 14, kila Jumamosi asubuhi, sikukosa hata moja.

Punje kavu nilizopima kwa mizani:

Matangi 4: mahindi matupu kilo 48, yenye fiwi kilo 45.
Matangi 2: matupu kilo 27, yenye fiwi kilo 18.
Tangi 1: matupu kilo 6, yenye fiwi kilo 4.

Sasa angalieni fiwi. Kwenye matangi 4 ilifika kiunoni. Kwenye matangi 2 ilifika karibu palepale, majani mapana, kijani. Hata kwenye tangi 1 ilisimama magotini ikiwa hai wakati mahindi yameshakuwa kuni.

Nilifundishwa kwamba fiwi inafunika ardhi na kutunza unyevu. Mbona pale maji yalipopungua ndipo iliponiumiza zaidi? Na kwa nini yenyewe haikujali?

#2 Kichuguu

Nimeketi mbele kabisa. Uzi wa vipimo vya mizani si wa kupita.

#3 Fundi Pampu Nzega

Mkuu jibu ni jepesi, fiwi imekunywa maji ya mahindi. Wageni wawili, sahani moja ya ugali. Ukiwa na ugali mwingi wote wanashiba, ukipungua mwenye mkono mrefu ndiye anayeshiba. Fiwi mkono wake mrefu.

#4 Mama Choroko (Igunga)

Fundi Pampu kasema kweli ila haijaisha. Mkulima wa Uyui, umepanda fiwi SIKU MOJA na mahindi? Hapo ndipo ulipojikwaa mwanangu. Fiwi inapandwa mahindi yakiwa na wiki tatu au nne, yameshatangulia. Ukiyapanda pamoja kwenye maji haba unawapiganisha watoto wa umri mmoja.

Mimi huku nalima mpunga kwenye majaruba, na mpunga ukitoka naingiza choroko, mwaka mwingine dengu. Simwagilii hata kikombe. Mbuga yetu, udongo mweusi wa mfinyanzi, inashika maji ya masika hadi yanatosha zao zima. Nikiona nyufa zinaanza kufunguka na jembe bado linatoka na tope kidogo, napanda siku hiyo hiyo. Nikichelewa wiki mbili nimeshakosa.

Kwa hiyo zao la kufunika kwangu halijawahi kugombana na nafaka, kwa sababu hayakutani shambani.

#5 Mkulima wa Uyui

Shikamoo mama. Ndiyo, siku moja. Nilitaka nisiingie shambani mara mbili. Nashukuru.

#6 Mama Choroko

Marahaba baba.

#7 Kipimo cha Mvua

Niongeze hesabu, nadhani itatusaidia kuacha kubishana hewani.

Lita 1,000 kwenye mita za mraba 100 ni milimita 10 za mvua. Kwa hiyo vipande vyako vimepata milimita 40, 20 na 10 kwa wiki. Kwa wiki 14 ni jumla ya milimita 560, 280 na 140. Mahindi ya kawaida yanahitaji kati ya milimita 500 na 800 kwa msimu, inategemea joto na siku za mbegu. Kiwango chako cha kwanza kimeingia kwenye mstari, cha pili ni nusu, cha tatu ni robo.

FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walitoa kitabu mwaka 1979 chenye kanuni inayotumika hadi leo: kila zao lina namba yake ya kuonyesha linavyoumia maji yakipungua. Mahindi ni 1.25. Maana yake ukipunguza maji yanayotumiwa na zao kwa asilimia 20, mavuno yanashuka kwa asilimia 25. Mtama ni 0.9, yaani kwa upungufu uleule unapoteza asilimia 18 tu. Ndiyo maana mtama unavumilia, mahindi hayana uvumilivu.

Tupime kwako. Nusu ya maji: 1.25 mara 50 ni asilimia 62 na nusu zimepotea. Kutoka kilo 48 zinabaki 18.

#8 Kichuguu

Kilo 18! Ndiyo ile ile aliyopata penye fiwi. Basi kanuni imejibu.

#9 Kipimo cha Mvua

Hapana mkuu, taratibu. Hiyo imegongana tu. Mahindi matupu yalipata 27, na hayo ndiyo ya kulinganisha na 48. Yamepata ZAIDI ya kanuni inavyosema. Na kwenye robo ya maji kanuni ingempa kilo 3, kapata 6, ingawa huko kanuni yenyewe hairuhusiwi kufika, mwisho wake ni upungufu wa nusu.

Swali langu mimi ni hili: kwa nini nusu ya maji imempa zaidi ya nusu ya mavuno? Nashuku kwamba kipande cha matangi 4 hakikunywa matangi 4. Sehemu ilishuka chini ya mizizi ikapotea.

#10 Kijana wa Luiche (Kigoma)

Salamu kutoka mwisho wa reli. Kwamba maji yalipotea si kweli kabisa, maji ya mto Igombe yanaingia mto Malagarasi na Malagarasi inamwaga Ziwa Tanganyika. Tumeyapokea huku salama, asanteni watu wa Tabora 😄

Tukirudi kwenye mada, mimi napanda mukuna, zao jingine la kufunika ardhi, ndani ya mahindi na sijawahi kuona hasara ya aina hiyo. Mvua zetu zinaanza Oktoba hadi Mei, zinagusa milimita 1,000 kwa mwaka. Mukuna inafunika hadi magugu yanakosa jua. Kwa hiyo nadhani tatizo si fiwi, tatizo ni kulazimisha kilimo cha mvua nyingi kwenye maji ya tangi.

#11 Fundi Pampu Nzega

Luiche mnajivunia maji ya kupewa na majirani 😂

Lakini ndugu yangu, wewe umesema jambo lilelile nililosema mimi. Kwako ugali ni mwingi.

#12 Bibi Shamba Sikonge

Wanangu, kabla ya kulaumu maji, fungueni gunzi. Mkulima wa Uyui, mapengo kwenye magunzi yako yalikaa wapi? Kama ncha ndiyo tupu na chini pamejaa, basi mahindi yalibeba mimba vizuri halafu yakakosa chakula au maji ya kulea. Kama punje zimetawanyika, moja hapa moja kule, basi mbelewele (ua dume la juu) na ndevu za gunzi hazikukutana.

Mahindi yakipata kiu karibu na kutoa maua, mbelewele zinatoka kwa wakati wake lakini ndevu zinachelewa. Vumbi linamwagika, ndevu bado zimejificha kwenye maganda. Zikitoka, hakuna cha kupokea. Siku nne tano tu zinatosha kukumaliza. Hilo nimeliona kwa macho yangu miaka mingi, na shamba lote linaonekana kijani, unadhani utavuna.

#13 Mkulima wa Uyui

Shikamoo bibi. Nimetoka stoo sasa hivi na tochi, nimemenya magunzi kumi kumi kutoka kila gunia.

Matangi 2 mahindi matupu: magunzi manane kati ya kumi yana ncha tupu, kama vidole viwili vya urefu, chini mistari imenyooka. Matangi 2 yenye fiwi: punje zimetawanyika, gunzi moja nimehesabu punje 41 tu, nono kuliko kawaida, zimekaa kama meno ya mtoto. Magunzi mawili hayana punje kabisa.

Sikuwa nimeligundua hili. Mwili umenisisimka.

#14 Bibi Shamba Sikonge

Marahaba mjukuu wangu. Basi umejibiwa. Wenye fiwi ulipigwa kwenye ndoa, wasio na fiwi ulipigwa kwenye malezi.

#15 Kichuguu

Bibi apewe kiti cha mbele.

#16 Jua Kali Urambo

Samahani wakuu, mimi naliona joto. Umepanda mwishoni mwa Juni, maua yametoka mwishoni mwa Agosti au Septemba. Tabora Septemba hadi Oktoba ndiyo miezi ya kuungua. Vumbi la mbelewele linakufa kwa joto. Hata ungeweka matangi 10.

#17 Kipimo cha Mvua

Joto linaua vumbi kweli, hasa likipita nyuzi 35 na hewa ikiwa kavu. Lakini wastani wa joto la mchana Tabora hata Oktoba ni kama 32 au 33, na maua yake yametangulia. Isitoshe vipande vyote sita vilikuwa chini ya jua moja na kipande cha matangi 4 kimejaza. Joto peke yake halitoshi, ila hewa kavu inaongeza kiu, hapo nakubali.

#18 Jua Kali Urambo

Nakubali kidogo. Ila jani lenye kiu halitoi jasho la kujipoza, kwa hiyo mmea wenye maji nusu una joto kuliko hewa. Wenye maji kamili unajipoza. Jua ni moja, joto la jani si moja.

#19 Kipimo cha Mvua

Hiyo ni hoja nzuri mkuu, naichukua.

#20 Binti wa Ugani

Habari zenu. Naona hakuna aliyegusa udongo, na hapo ndipo mimi ningeanzia.

Kila udongo una uwezo wake wa kushika maji ambayo mmea unaweza kuyanyonya. Mchanga ni kati ya milimita 25 na 100 kwa kila mita moja ya kina, mfinyanzi ni 175 hadi 250. Tuseme luseni yako ina 80 na mizizi ya mahindi imefika sentimita 60. Ghala lako lina milimita 48. Na haifai kungoja ghala liishe, likifika nusu unatakiwa umwagilie. Kwa hiyo kila unapomwagilia unajaza milimita 24 hivi, zinazozidi zinapita chini.

Wewe unamwaga milimita 40 kwa asubuhi moja, halafu unakaa siku saba. Jumamosi mahindi yanaoga, Alhamisi yanakunja majani. Ungegawa matangi mawili Jumamosi na mawili Jumanne au Jumatano ungepata zaidi ya kilo 48 kwa maji yaleyale.

Na kwenye tangi 1 ni kinyume. Milimita 10 kwenye mchanga mtupu wa Agosti, jua linainyonya kutoka juu kwa siku mbili tatu kabla mizizi haijaonja. Hapo ni afadhali kumwagilia tangi 2 kila baada ya wiki mbili kuliko tangi 1 kila wiki, ili maji yashuke.

#21 Mama Choroko

Binti kasema vizuri, na ndiyo tofauti ya mbuga na luseni. Kwangu ukimimina maji leo, wiki ijayo yapo. Ila mbuga nayo ina mashaka yake, ukizidisha maji choroko inageuka njano siku tatu, mizizi inakosa pumzi. Nilipoteza jaruba zima kwa kuchelewa kutoboa tuta la kutolea maji.

#22 Mzee wa Majaruba

Hata mpunga wenyewe hauhitaji kulala majini siku zote kama tulivyozoea. Kilimo shadidi kinatufundisha kuacha jaruba likauke kidogo halafu unarudisha maji. Unachukua kipande cha bomba la plastiki sentimita 30, unakitoboa matundu, unakizamisha nusu kwenye udongo. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo ndipo unafungulia. Wakati wa kutoa maua tu ndipo huachi likauke. Maji yanayookolewa yanaweza kufika asilimia 30 na mavuno hayashuki.

Asili yake ni Madagaska, padri Mfaransa, Henri de Laulanié, ndiye aliyeanzisha kilimo hicho miaka ya 1980.

#23 Fundi Pampu Nzega

Mzee tumetoka kwenye fiwi tumefika Madagaska 😄

#24 Mzee wa Majaruba

Tumefika kwenye maua, kijana. Mpunga, mahindi, mtama, yote mlango ni mmoja: usiyanyime maji yakitoa maua. Ukibana, bana yakiwa madogo.

#25 Duka la Mbegu ni Shamba Langu

Kuna jambo mnalipita. Fiwi ni jamii ya kunde, inaleta naitrojeni. Basi mahindi yenye fiwi yangepaswa kuwa na nguvu zaidi. Mimi nadhani mbegu ya mahindi ilikuwa mbaya. Mwaka juzi niliuziwa mbegu mfuko umefungwa vizuri, ndani mchanganyiko, shamba likaota kimo tofauti kama wanafunzi kwenye mstari.

#26 Binti wa Ugani

Pole kwa mbegu mkuu. Lakini yeye katumia mfuko mmoja vipande vyote.

Kuhusu naitrojeni, watu wengi wanaamini fiwi inaigawia mahindi ikiwa hai. Sehemu kubwa haigawi. Inaitumia yenyewe. Mahindi yanafaidika msimu unaofuata, majani na mizizi vikishaoza. Msimu wa kwanza ni jirani anayekula kwako, anarudisha mwakani.

Tena vinundu vyenyewe vikague. Ng'oa mche, pasua kinundu kwa kucha. Ndani kikiwa na rangi ya damu iliyofifia, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, bado au kimeshachoka.

#27 Kijana wa Luiche

Mizizi ya fiwi si mifupi? Nilisikia inatambaa juu juu tu.

#28 Mama Choroko

Aliyekuambia hakuwahi kuing'oa. Fiwi ina mzizi mkuu unaozama, unapita mita moja. Ndiyo maana kwangu kiangazi chote inabaki kijani mbuzi wakiililia uzioni.

#29 Kipimo cha Mvua

Hapo sasa fikiri pamoja na hesabu ya Binti wa Ugani. Kama maji yalishuka chini ya sentimita 60 kwenye luseni, mahindi yameyakosa lakini fiwi imeyafuata. Penye matangi 4 fiwi ilikunywa yaliyopotea, ikala mabaki mezani, mahindi yakapoteza kilo 3 tu. Penye matangi 2 hakukuwa na mabaki ya kushuka, ikabidi wagombanie juu. Inaeleza kwa nini fiwi haikujali sana na kwa nini mahindi yaliumia katikati.

#30 Fundi Pampu Nzega

Nasimama na hiyo, ni ugali wangu ule ule umevaa suti.

#31 Bibi Shamba Sikonge

Mbona mnasahau kivuli? Penye matangi 4 mahindi yalirefuka yakaifunika fiwi, ikanyenyekea. Penye matangi 2 mahindi yalikuwa dhaifu, fiwi ikapata jua lote. Kwa hiyo haikunawiri kwa maji, ilinawiri kwa jua. Wazee walisema mpanda ngazi hushuka. Fiwi yako haikuwa na wa kuishusha.

#32 Mkulima wa Uyui

Bibi, kweli penye matangi 2 ilipanda juu ya mahindi, baadhi ya mabua yalilala kwa uzito wake. Nilidhani ni upepo.

Na Binti wa Ugani, kuhusu maji kupita chini: kipande cha matangi 4 majani ya chini yalianza kuwa njano katikati, umbo la herufi V kutoka nchani, wiki ya tisa. Vipande vingine hapana.

#33 Binti wa Ugani

Hiyo V ya njano kwenye majani ya zamani ni njaa ya naitrojeni. Maji yalipita na mbolea yako. Kwenye mchanga mbolea ya kukuzia igawe mara mbili au tatu, usiiweke yote siku moja halafu ukafuata na matangi manne.

#34 Mkono wa Birika

Wakuu, niulize swali la mfukoni. Matangi 4 yametumia lita 56,000 kwa kilo 48. Matangi 2 yametumia lita 28,000 kwa kilo 27. Kwa kila lita 1,000 wa kwanza kapata gramu 857, wa pili gramu 964. Huyu wa nusu ndiye kaitendea haki petroli! Mwenye ardhi ya kutosha na kisima kidogo apande vipande viwili vya nusu badala ya kimoja cha kushiba. Atapata kilo 54, maji yaleyale.

#35 Mama Choroko

Mbegu mara mbili, mbolea mara mbili, palizi mara mbili. Nani anapalilia? Kwa kilo 6 za nyongeza mgongo wangu unakataa.

#36 Mkono wa Birika

Mama, kama kisima kinakauka Septemba huna uchaguzi.

#37 Mama Choroko

Kama kisima kinakauka Septemba, panda mtama, au panda choroko ya siku 65, uache mahindi yasubiri Novemba. Kwa nini kumpa ng'ombe wa maziwa nyasi za mbuzi?

#38 Mzee wa Majaruba

Mtama ndege watamaliza. Kiangazi hakuna kijani kingine, kwelea kwelea wote wa mkoa watahamia kwako.

#39 Fundi Pampu Nzega

Hapo mzee amenikumbusha machungu. Nilishinda shambani na kombeo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, watoto wakinibadilisha mchana. Mtama unavumilia kiu, mwenye mtama havumilii ndege.

#40 Binti wa Ugani

Kwa Mkulima wa Uyui, ukirudia jaribio: jumla ya maji iache ileile ya matangi 2, ila usigawe sawa. Wiki sita za kwanza baada ya kuota imara, bana, toa tangi 1 na nusu. Kuanzia wiki mbili kabla ya mbelewele hadi wiki mbili baada yake, toa matangi 3 hadi 4. Mwishoni punje zikigonga jino, acha kabisa. Fiwi iingie wiki ya nne. Nitashangaa ukipata chini ya kilo 27.

Na kila kiwango weka vipande viwili au vitatu. Kipande kimoja kimoja kinaweza kukudanganya, huenda kile cha nusu chenye fiwi kilikaa kwenye udongo mwepesi kuliko vingine.

#41 Mkulima wa Uyui

Nimeandika yote kwenye daftari. Asanteni sana. Leo nimeifyeka fiwi yote nikailaza chini palepale kila kipande na cha kwake. Mvua zikianza nitapanda mahindi vipande vyote sita bila mbolea hata punje, nione deni linalipwaje.

#42 Kichuguu

Tunasubiri. Usipotee.

#43 Mkulima wa Uyui (14 Januari)

Wakuu, heri ya mwaka. Nimerudi kama nilivyoahidi.

Nilipanda tarehe 25 Novemba, mvua zimekuwa nzuri. Leo mahindi yana wiki saba. Nimepita na mtoto asubuhi umande ukiwa bado, nikamwambia anioneshe kipande kilichokolea kuliko vyote bila kujua kipi ni kipi. Ameenda moja kwa moja kwenye cha matangi 2 chenye fiwi. Kile kilichonipa kilo 18. Majani yamekaa kijani cha bluu, mapana kama mkono wangu. Cha pili ni matangi 4 chenye fiwi, lakini tofauti inaonekana ukisimama njiani. Cha tangi 1 chenye fiwi kinafuata. Visivyo na fiwi vyote vimepauka.

Kwenye tangi 1 bila fiwi kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, kimeanza kutoka, nimehesabu vichipukizi 23 kando ya mashina. Penye fiwi nimetafuta nimepata vitatu tu.

Sasa nisaidieni: fiwi ya matangi 4 ilikuwa nyingi kidogo kuliko ya matangi 2. Kwa nini haikulipa zaidi?

#44 Fundi Pampu Nzega

Ugali ule ule: aliyekula zaidi ndiye analipa zaidi.

#45 Bibi Shamba Sikonge

Kivuli, mjukuu wangu. Fiwi iliyolelewa gizani haina vinundu vya maana. Ya matangi 2 ilikaa juani.

#46 Kipimo cha Mvua

Ninaliona jingine. Mahindi ya matangi 2 yenye fiwi yalivuna kilo 18 tu, hayakumaliza mbolea uliyoyawekea. Imebaki ardhini, sasa inatumika. Huenda huioni fiwi, unaona mbolea ya Julai.

#47 Binti wa Ugani

Mbolea kubaki kwenye luseni baada ya mvua za Novemba na Desemba? Sidhani. Na kama ni hivyo, kipande cha tangi 1 bila fiwi, kilichovuna kilo 6, kingekuwa cha kijani kuliko vyote. Kimepauka na kina kiduha.

#48 Kipimo cha Mvua

Kiduha kinanyonya, kinaweza kukipausha chenyewe hata chakula kikiwepo. Na pale penye fiwi labda mbolea ilibaki ndani ya majani ya fiwi, haikuoshwa. Hapo sote wawili tuna haki nusu.

#49 Mama Choroko

Kiduha kimepungua kwa sababu mizizi ya fiwi inakidanganya, mbegu zake zinaota zikidhani kuna nafaka, hazipati pa kushika, zinakufa. Hilo kwangu kunde zinafanya pia. Mkulima wa Uyui, ving'oe hivyo 23 kabla ya kutoa maua, mmoja ukiacha utamwaga mbegu maelfu na zitakungoja miaka.

#50 Kijana wa Luiche

Chimba, mkuu. Kama kuna mabaki ya mizizi ya fiwi uone imefika wapi, penye matangi 4 na penye matangi 2. Tutajua kama ilifuata maji chini au ilibaki juu.

#51 Mkulima wa Uyui

Mama, nimeving'oa vyote 23 jioni hii, nimevichoma. Jumamosi nachimba mashimo mawili ya mita moja, na futi nitaibandika ukutani mwa shimo nipige picha. Kijana wa Luiche, picha ya kwanza ni yako.